Pikipiki Kuukuu Haichemshi Bure

Dereva akilalamika kijiweni kwamba pikipiki yake inachemsha, hakosi washauri. Mmoja atamwambia aweke oili nzito zaidi, mwingine atamwambia aimwagie maji ikifika stendi, wa tatu atamwambia auze. Ushauri wote huo unashughulika na joto lililokwisha kuzidi. Mwongozo huu unaanzia nyuma ya hapo: joto lile limetoka wapi, na kwa nini limeshindwa kuondoka.

Tunazungumzia pikipiki ndogo zinazopozwa kwa upepo, za cc 100 hadi 150, zilizokwisha kula barabara kwa miaka. Nyingi za Kichina zinazotembea Tanzania na Kenya zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, pikipiki ya miaka ya 1970 iliyobuniwa ikilenga nchi ambako mashine hubebeshwa sana na kuhudumiwa kwa nadra. Boxer na TVS zina tofauti zao za ndani, lakini namna zinavyopoa ni ile ile.

Joto linatoka wapi, linakwenda wapi

Katika petroli unayonunua, ni kama robo tu ya nguvu yake inayofika kusukuma gurudumu. Sehemu kubwa inayobaki ni joto. Baadhi hutoka na moshi kupitia ekzosi. Lingine hupenya kuta za silinda na hedi, hufika kwenye mapezi, na upepo wa mwendo hulichukua. Kule ambako upepo haufiki, yaani chini ya pistoni, kwenye beringi, klachi na gia, anayebeba joto ni oili. Huliokota huko na kulishusha kwenye kuta za chini za injini.

Basi injini hii haina rejeta, haina maji, na kwenye dashibodi haina kipimo cha kukuonya. Ina wapozaji wawili tu, upepo na oili. Ikichemsha, ama kuna kitu kinaongeza joto kuliko kawaida, ama kuna kitu kinazuia joto lisitoke. Kila ukaguzi utakaoufanya uwe unajibu swali moja kati ya hayo mawili.

Jambo la pili la kukumbuka ni umri. Pikipiki mpya ikichemsha, mara nyingi ina kosa moja. Kuukuu huwa na makosa madogo matatu au manne, na kila moja lingevumilika kama lingekuwa peke yake: oili imepungua kidogo, tapeti zimekaza kidogo, breki ya nyuma inashika kidogo, chujio la hewa limechoka. Ndiyo maana mtu hubadilisha kabureta nzima, akatumia fedha nyingi, na joto likabaki pale pale. Anza na vya bei rahisi, pitia vyote kwa mpangilio, na usiruke hatua kwa sababu umehisi umeshampata mchawi.

Utajuaje kwamba joto limezidi kweli

Kuna watu hupima kwa kutemea mate hedi: yakilia na kukauka mara moja, wanasema injini imechemka. Kipimo hicho hakifai. Hedi ya injini ya upepo iliyo nzima kabisa hupita nyuzi 100 za Selsiasi ikiwa kazini, kwa hiyo mate yatalia tu. Angalia dalili hizi:

- Nguvu inapungua kadiri safari inavyoendelea, hasa mlimani, na inarudi ukipumzisha injini.
- Unasikia mlio mkavu wa kugonga ukivuta eksileta na mzigo, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo.
- Gia zinakuwa ngumu na nyutro haipatikani injini ikishapata moto.
- Injini inazimika yenyewe kwenye foleni, kisha inagoma kuwaka mpaka ipoe.
- Unazima swichi lakini inaendelea kuunguruma kwa mizunguko michache.
- Shingo ya ekzosi inakuwa nyekundu gizani.
- Kuna harufu ya oili iliyoungua, na oili yenyewe ni nyepesi kama maji ukiisugua kidoleni.

Moja ikitokea mara moja siku ya jua kali, angalia tu. Mbili zikijirudia, fanya ukaguzi ufuatao.

Hatua ya kwanza: oili

Injini nyingi za ukubwa huu hubeba karibu lita moja. Ikipungua robo lita, kiasi cha kikombe cha chai, umepoteza robo ya mpozaji wako mmoja. Na pikipiki kuukuu hula oili hata kama haivuji popote, kwa sababu ringi zilizochoka huiachia ipande juu ikaungue pamoja na petroli. Kwa hiyo usisubiri siku ya kubadilisha. Pima kila baada ya siku mbili, na kila siku kama unafanya bodaboda.

Simamisha pikipiki wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Ikiwa imelalia stendi ya pembeni, kipimo kitakudanganya. Washa dakika chache, zima, subiri kidogo oili ishuke. Futa kijiti, kirudishe. Kwa injini za mtindo wa CG, kijiti hukaa juu ya tundu bila kufungwa kwa hesabu zake unapopima. Ukikifunga, kitaonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Kama yako ina kioo pembeni, oili iwe kati ya alama mbili. Usijaze kupita alama ya juu, maana oili ikizidi huchapwa na krenki, hutoa povu, na povu halipozi.

Kuhusu aina, soma kwenye kopo. Kwa injini hizi katika nchi za joto, 20W-50 ndiyo imezoeleka sana, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho mwenye neno la mwisho. Kisha tafuta maandishi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili nyingi za magari madogo zimetiwa dawa za kupunguza msuguano. Klachi ya pikipiki inahitaji msuguano ili ishike. Ikiteleza, injini inalia bila mwendo kuongezeka, na nguvu yote inayopotea hapo inageuka joto. Kabla ya kulipa, angalia muhuri wa kifuniko. Oili iliyokwisha tumika ikachujwa na kufungwa upya kwenye kopo zuri ni hasara unayoinunua kwa fedha yako.

Kwa pikipiki kuukuu inayofanya kazi ngumu, badilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Kama mita imekufa, hesabu kwa siku: anayetembea kama kilomita 100 kwa siku abadilishe kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Mwaga oili injini ikiwa na uvuguvugu ili uchafu utoke nayo.

Kisha kuna chujio ambalo wengi hawajawahi kuliona. Injini za CG hazina chujio la karatasi kama la gari. Zina wavu wa chuma chini, na upande wa klachi, mwisho wa krenki, zina kikombe kinachozunguka na kurusha uchafu ukutani mwake. Kikombe hicho kikijaa tope jeusi, kazi yake imekwisha. Ukinunua pikipiki iliyotumika, mwombe fundi afungue kava la klachi na kukisafisha mara moja, hata kama muuzaji anaapa imehudumiwa juzi.

Hatua ya pili: upepo

Chuchumaa mbele ya pikipiki, macho yako yawe usawa wa injini, na ujiulize: upepo ukija hapa utafika? Udongo wa masika ukikaukia katikati ya mapezi unakuwa blanketi. Mchanganyiko wa oili inayovuja na vumbi ni mbaya zaidi, kwa sababu hauondoki kwa maji peke yake. Injini ikiwa imepoa kabisa, paka mafuta ya taa au sabuni kali, sugua kwa brashi ya nywele ngumu mpaka uone chuma kati ya kila pezi, kisha suuza. Ziba tundu la chujio la hewa na mdomo wa ekzosi kwanza. Kisha tafuta mahali oili inapovujia, la sivyo utarudia kazi hiyo mwezi ujao.

Ondoa vinavyoziba njia. Kipande cha mpira kinachofungwa mbele ili tope lisirukie miguu, karatasi ya nailoni ya wakati wa mvua, dumu lililofungwa kwenye ngao ya miguu, mfuko wa vifaa unaoning'inia mbele ya silinda: vyote vinanyima injini upepo. Kinga ya tope ni nzuri, ila iwe chini ya usawa wa mapezi. Na kama injini imepakwa rangi nene ya mafuta ili ionekane mpya sokoni, ikwanguliwe. Rangi nene huzuia joto.

Hatua ya tatu: plagi ikupe habari

Plagi ni shahidi wa yale yanayotokea ndani. Tembea mwendo wa kawaida kilomita kadhaa, zima bila kuiacha iungurume mahali pamoja, subiri ipoe, kisha ifungue. Kaure yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko ni sawa. Nyeusi kavu yenye masizi, petroli ni nyingi. Nyeusi yenye utelezi, oili inapanda juu. Nyeupe kama chokaa, au yenye vitone vilivyoyeyuka, hewa imezidi petroli au plagi si ya injini hiyo, na hapo ndipo penye joto.

Plagi zina viwango vya kubeba joto. Kwa NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, yaani inaachia joto haraka. Bosch wao huhesabu kinyume. Usimwachie muuza vipuri akupe yoyote inayoingia kwenye tundu. Nakili namba iliyo kwenye kitabu.

Hatua ya nne: vinavyokokota

Injini inayovuta kuliko inavyopaswa hutoa joto zaidi. Inua gurudumu la nyuma, weka nyutro, lizungushe kwa mkono. Likisimama upesi, breki inashika au beringi imechoka. Angalia mnyororo katikati yake: uwe na mchezo wa kama sentimita 2 hadi 3, na uupime katika sehemu kadhaa kwa sababu mnyororo uliochoka haukazi sawasawa. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi. Haya yote ni ya dakika chache na hayataki fedha.

Hatua ya tano: tapeti

Wengi hupenda tapeti zisipige kelele, na fundi wa kumridhisha mteja huzikaza mpaka kimya. Kimya hicho kina gharama. Vavu ya moshi hukaa kwenye moto mkali kuliko sehemu nyingine zote, na njia yake kuu ya kupoa ni kugusa kiti chake kwenye hedi kila inapofunga. Tapeti ikikaza, vavu haifungi sawasawa, joto halihamii kwenye hedi, na ukingo wake unaanza kuungua. Pikipiki inayoanza kugoma kuwaka ikiwa na moto, lakini asubuhi inawaka vizuri, hukaguliwa hapa kabla ya kwingine.

Pima injini ikiwa baridi, baada ya kulala usiku kucha, pistoni ikiwa juu kabisa mwisho wa mgandamizo. Tumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi; makisio ya kidole hayatoshi. Injini nyingi za aina hii hutaka nafasi kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kitabu chako kitakuambia ya kuingiza ni ngapi na ya moshi ni ngapi. Ukibaki na shaka kati ya kukaza kidogo na kulegeza kidogo ndani ya kipimo hicho, legeza. Tapeti inayogonga kidogo inakukera masikio tu.

Hatua ya sita: kabureta na hewa ya wizi

Mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo huwaka kwa joto linaloumiza pistoni na vavu. Sababu zake si nyingi. Jeti kubwa imeziba nusu kwa uchafu wa tangi. Bomba la petroli limechoka. Chujio la hewa limetolewa "ili ipumue". Ekzosi imekatwa ili ipige kelele. Au kuna hewa inayoingia kwa mlango wa uani, kwenye ufa wa manifoldi au gasketi iliyo kati ya kabureta na hedi.

Hewa hiyo ya wizi ndiyo husumbua pikipiki kuukuu zaidi, kwa sababu mpira hukauka na boliti hulegea. Washa injini ikiwa bado haijapata moto, iache iungurume polepole, kisha nyunyizia maji kidogo ya sabuni kwenye viungo hivyo. Mlio ukibadilika, umepapata. Usitumie petroli wala dawa ya kopo inayowaka kwa jaribio hili.

Mkazi wa nyanda za juu ana la ziada. Kabureta iliyowekewa jeti ndogo ili ifae Mbeya au Njombe, ambako hewa ni nyepesi, ikishushwa Dar es Salaam au Tanga itakuwa na petroli pungufu kwa hewa nzito ya pwani. Ukihamisha pikipiki kutoka juu kuja chini, soma plagi upya.

Petroli yenyewe nayo ichunguzwe. Ikichanganywa na mafuta ya taa hupoteza uwezo wa kuhimili mgandamizo, injini inagonga, na kila kugonga kunaongeza joto kwenye pistoni. Nchini Tanzania mafuta huwekwa vinasaba ili kubaini uchakachuaji, lakini hakuna anayepima chupa iliyo kwenye meza kando ya njia. Inunue pale tu unapolazimika kufika kituoni.

Hatua ya saba: kazi ya fundi

Yaliyobaki yanataka mkono wenye uzoefu. Cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka hadi kwenye ekzosi, ndipo shingo inapokuwa nyekundu. Kwenye pikipiki za zamani zenye platini, kuchakaa kwa platini hubadilisha muda wa cheche taratibu bila wewe kugundua. Kwenye zenye CDI, yaani cheche inayoongozwa kielektroniki, shuku kipuri kisicho sahihi kilichowekwa na aliyekutangulia.

Masizi magumu juu ya pistoni hubaki yakiwaka mfano wa kaa, na hayo ndiyo huifanya injini iendelee baada ya kuzimwa. Fundi atainua hedi, atayakwangua kwa kijiti cha mbao au cha aluminiamu, na atafunga kwa gasketi mpya.

Kama silinda ilichongwa na kuwekewa pistoni kubwa, uliza ilichongwa kwa pistoni ile ile iliyofungwa au kwa makadirio. Nafasi kati yake ni ya sehemu za mia za milimita. Ikibana, pistoni ikitanuka kwa joto itanoki. Kwa kilomita 500 za kwanza baada ya kazi hiyo usibebe mishikaki, usikamue, na badilisha oili mapema.

Namna ya kuendesha

Kosa kubwa la mlimani ni kung'ang'ania gia kubwa. Injini inavuta kwa shida, mizunguko ni michache, oili inazunguka polepole, na eksileta iko wazi kabisa. Kabla ya kuanza kupanda mlima Kitonga, au barabara ya Mombo kwenda Lushoto, shuka gia mapema na uache injini izunguke kwa wepesi. Ikianza kupoteza nguvu hata kwenye gia ndogo, pumzika kabla haijakulazimisha.

Kwenye foleni hakuna upepo. Ukiona magari yamesimama zaidi ya dakika moja au mbili, zima. Asubuhi iache iungurume kwa muda mfupi, kisha ondoka taratibu. Usiikamue ikiwa baridi, na usiiache pia iungurume robo saa ukinywa chai. Baada ya safari ndefu ya kasi, kilomita ya mwisho itembee polepole ili mapezi yapate upepo bila injini kuongeza joto.

Ikichemsha njiani

Ukihisi injini inashikwa, mwendo unapungua wenyewe, au gurudumu la nyuma linataka kukamata, bana klachi mara moja. Hilo linalinda maisha yako kwanza, injini baadaye. Serereka hadi pembeni ya barabara, zima, sogeza kivulini.

Usiimwagie maji. Silinda na hedi zikipozwa ghafla upande mmoja husinyaa bila ulinganifu, na hapo hedi hupinda au hupasuka. Acha upepo ufanye kazi yake kwa nusu saa au zaidi. Kisha pima oili na uongeze ikibidi. Piga kiki taratibu bila kuwasha: ikienda laini na mgandamizo upo, washa usikilize. Ikikwaruza, au kiki imekuwa nyepesi ajabu, usiilazimishe. Ipakie kwenye gari.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila siku au mbili: oili, matairi, tope kwenye mapezi.
- Kila wiki: mnyororo, breki zisishike, boliti za kabureta na ekzosi.
- Kila kilomita 1,500 hadi 2,000: oili mpya, chujio la hewa, kusoma plagi.
- Kila kilomita 3,000 hadi 4,000: tapeti, kusafisha kabureta na bakuli lake.
- Mara moja kwa mwaka: kikombe cha oili upande wa klachi, muda wa cheche, na usafi kamili wa mapezi.

Ukishapita hatua zote na bado inachemsha, nenda kwa fundi ukiwa na maelezo yanayomsaidia. Mwambie inachemsha baada ya kilomita ngapi, ni mlimani, kwenye foleni au kwenye lami ya wazi; plagi ina rangi gani; inakula oili kiasi gani kwa wiki; na ni lini mara ya mwisho tapeti zilipimwa kwa fila geji. Anayechemsha kwenye foleni tu ana tatizo la upepo au oili. Anayechemsha akikimbia ana tatizo la petroli, cheche au mzigo. Anayechemsha kila mahali, na oili yake inakwisha, afungue silinda. Fundi aliyesikia hayo ataanza mahali sahihi, na hutamlipa kwa vipuri ambavyo havikuwa na kosa.